Chora Mfereji kwa Rangi za Maji: Nyumba, Daraja na Taswira Zake

Karibuni sana, watazamaji wangu. Leo tunachora mfereji: nyumba kushoto, daraja la tao moja katikati, mashua kulia. Karatasi ni ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, nimeshaibandika ubaoni kwa mkanda na penseli nimeshapitisha. Nyepesi kuliko hiyo hujikunja ikilowa.

Anga: lowesha, pitisha bluu ya kobalti, achana nayo. Kuta: rangi za udongo, yaani okra ya manjano na sienna iliyochomwa (kahawia-nyekundu), juu kuja chini, upande usio na jua ongezea ultramarini, bluu iliyokolea. Acha zikauke kabisa.

Sasa maji. Hapa ndipo ninapopapenda! Taswira, yaani sura ya kitu inayoonekana majini, hushuka wima chini ya kitu chake, hata kama ukuta wenyewe unaenda mshazari. Kitu cha rangi nyepesi hukolea kidogo majini, na kilichokolea hufifia kidogo. Tao la daraja usiligeuze tu kichwa chini: majini dari lake huonekana zaidi, maana ni kama unalitazama kutokea chini.

Koroga rangi zote kabla ya kulowesha, nyingi kuliko unavyodhani. Kisha brashi bapa pana, lowesha mfereji wote, shusha rangi za kuta, wima, wima, twende haraka, kijani chini ya daraja...

Samahani, taa inapiga kwenye karatasi, hamwoni kitu. Ngoja niisogeze. Hapana, niiache kwanza. Mnauona huo mng'ao? Ukiwepo, ongeza rangi. Ukianza kufifia, weka brashi chini. Usiguse! Tone moja la maji sasa litasukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo za mikunjomikunjo kama koliflawa, na doa hilo kulitoa ni shida. Najua pale chini ya tao panaonekana pamepauka na mkono unawasha. Usiguse. Tutaweka tabaka la pili.

Tukisubiri: Turner, mchoraji Mwingereza, alifika Venice, mji wa mifereji huko Italia, mwaka 1819, na katika rangi za maji alizochora huko karatasi tupu ndiyo mwanga. Nami napenda hivyo, rangi nyeupe ya kopo siitumii.

Gusa pembeni kwa mgongo wa kidole. Ubaridi maana yake bado kuna maji ndani, hata kama mng'ao umeisha. Bado, bado... Haya, tayari. Tabaka la pili chini ya tao, mkupuo mmoja, usirudie.

Mawimbi ni mistari ya mlalo: mipana huku karibu, myembamba kule mbali, na michache. Mashua ikolee, igusane na taswira yake bila pengo, la sivyo itaelea hewani. Mwisho, brashi bapa yenye unyevu, ikamue, futa mstari mmoja mwembamba kukatiza taswira, bonyeza tishu. Huo ni upepo unaopita juu ya maji.

Mkanda ubandue polepole, ukiuvuta kuelekea nje ya picha.