Vitamini D na Figo za Mwenye Sukari

Mhadhara kwa wagonjwa wa sukari na jamaa zao, Busia, Uganda

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu, asanteni kwa kufunga maduka mkaja. Kliniki huwa naulizwa: "Musawo (daktari), nina sukari, nasikia vitamini D inalinda figo. Ninunue?"

Kwa ajili ya figo, hapana.

Tetesi hiyo ina chanzo. Wenye figo dhaifu wengi hukutwa na vitamini D kidogo. Lakini ini na figo ndizo zinazoiandaa vitamini hiyo ifanye kazi mwilini, na figo ndiyo inayomalizia. Ikishaumia, upungufu unaweza kutokea. Je, upungufu ndio ulioiumiza? Marekani walilifuatilia swali hilo kwa watu 1,312 wenye kisukari cha aina ya pili. Waligawanywa kwa kura: hawa vitamini D uniti 2,000 kila siku, wale vidonge visivyo na dawa. Wakafuatiliwa miaka 5. Matokeo yalitangazwa 2019: figo za pande zote mbili zilipungua nguvu karibu sawasawa.

Mama mmoja alifungua mkoba mbele yangu, akatoa chupa ya vitamini D iliyofika nusu. Chini yake kulikuwa na diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, anayojinunulia tu. Presha yake ilikuwa 170, na mkojo hajawahi kupimwa protini. Iliyonitisha ni ile diklofenaki! Hiyo na ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo, na mwenye sukari akizimeza kila siku anajiweka hatarini. Nawasihi, maumivu ya magoti tuambieni, tutatafuta dawa nyingine.

Pesa ya chupa ile ingetosha kuanzia kipimo cha mkojo. Protini iitwayo albumini huanza kuvuja mapema, mguu haujavimba, wewe mwenyewe hujisikii vibaya. Pima kila mwaka. Ikionekana, zipo dawa zilizothibitishwa: losartani, kwa mfano, tangu 2001 inajulikana kwamba hupunguza kasi ya figo kuharibika kwa wenye sukari ya aina ya pili. Mjamzito asiitumie. Presha ishuke, sukari itulie. Anayechelewa huishia kwenye mashine ya kusafisha damu, na kutoka hapa hadi hospitali ya Kiruddu, Kampala, ni karibu kilomita 200, tena si safari ya mara moja. Ni kila wiki. Nimewaona waliouza shamba kwa nauli na matibabu.

Kama daktari amekuandikia vitamini D kwa ajili ya mifupa, au kipimo kimeonyesha umepungukiwa, usiiache, wala usijiongezee. Ikizidi sana, kalsiamu hupanda kwenye damu, ikaleta mawe na kuziumiza figo hizo hizo.

Mwenye dawa mkobani aje nazo mezani kwangu, hata zile za maumivu, tuzisome pamoja. Vikombe vya mkojo viko kwa mwenzangu pale mlangoni.