Jua Kazi ya Muziki wa Gemu Kabla ya Kuuondoa

Ndugu wasikilizaji, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, nami nitalisema tena kwa sababu bado halijaeleweka. Anayetaka kuondoa muziki wa gemu na kuweka wake ana haki ya kufanya hivyo, lakini kabla hajafuta faili hata moja anapaswa kujua muziki ule ulikuwa unafanya kazi gani.

Tuchukue Space Invaders ya mwaka 1978, gemu ya kuwapiga risasi wavamizi wa angani, mfano ambao sichoki kuurudia. Muziki wake ni noti 4 tu za besi, zinazoshuka na kuanza upya bila kukoma. Kadiri mchezaji anavyowaangusha wavamizi, ndivyo waliobaki wanavyoongeza kasi, na noti zile nazo huharakisha pamoja nao. Macho yanaweza kuwa yamekazana kukwepa risasi inayoshuka, lakini sikio limekwisha kupata habari kwamba adui wamepungua na waliosalia wanakuja mbio. Sasa zima noti hizo na uweke wimbo uupendao, wenye mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Wimbo utakuwa mtamu, pengine mtamu kuliko noti zile, lakini habari imepotea, na vidole vitachelewa pasipo wewe kujua sababu. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 nayo huharakisha muziki pale muda unaosalia unaposhuka chini ya 100, na mchezaji aliyeizima sauti hiyo hana budi kuikodolea macho saa iliyo pembeni ya skrini.

Najua yupo atakayesema kwamba gemu ameinunua kwa fedha zake na masikio ni yake. Ni kweli, na watengenezaji wenyewe walimfungulia mlango zamani. Xbox ya kwanza, ya mwaka 2001, iliwawezesha wachezaji kunakili CD zao kwenye diski yake na kuzisikiliza ndani ya gemu zilizoruhusu jambo hilo, na Grand Theft Auto III ya kompyuta ilizichukua faili za muziki za MP3 za mchezaji na kuzifanya kituo cha redio ndani ya gari. Angalieni kwa nini ilifaa pale: redio ya gari haikupewa kazi ya kuonya. Vib-Ribbon ya mwaka 1999 ilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa iliisoma CD ya mchezaji na kuunda vikwazo kutokana na muziki uliomo. Kwa hiyo sikatazi. Ninadai kazi ifanywe kwa uangalifu.

Uangalifu huo huonekana kwenye kiungo, yaani pale mwisho wa muziki unaporudi kuungana na mwanzo wake. Wimbo wa kawaida una mwisho, ilhali muziki wa gemu hauna, maana mchezaji anaweza kukaa katika chumba kimoja dakika 1 au saa nzima. RPG Maker, programu ya kutengenezea gemu, husoma alama za LOOPSTART (mahali duru inapoanzia) na LOOPLENGTH (urefu wa duru) ndani ya faili la sauti la aina ya Ogg, nazo huhesabiwa kwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, ambavyo kwa kiwango cha CD ni 44,100 kila sekunde. Ukikata mahali ambapo wimbi la sauti liko mbali na sifuri, utasikia mpasuko mdogo kila duru. Tena, mwangwi wa noti ya mwisho sharti uendelee chini ya noti ya kwanza. Kwa hiyo rekodi kipande mara 2 mfululizo, kisha utumie mzunguko wa pili, ambao tayari umebeba mwangwi wa ule uliotangulia.

Muda unanibana, hivyo mengine nayataja tu. Nyimbo zenye maneno hugongana na mazungumzo ya wahusika. Sauti zote zilinganishwe kiwango kabla ya kuingizwa. Na kama utaonyesha uchezaji wako hadharani, kununua wimbo kwa ajili ya kuusikiliza hakukupi ruhusa ya kuurusha. Tumia uliotunga mwenyewe, au wenye leseni inayokuruhusu.