Folda ya Kazi katika Lugha ya R na Mahali pa Kuipangia

Ndugu wanafunzi na watafiti wenzangu, leo nitazungumzia jambo moja la R, lugha ya kompyuta ya kuchanganulia takwimu, ile iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Jambo hilo ni folda ya kazi, yaani mahali ambapo R huanzia kutafuta faili iliyotajwa kwa jina tupu, na ambapo huhifadhi kila kitu kisichoandikiwa njia kamili. Andikeni getwd() nayo itawaonyesha mlipo. Katika Windows jibu la awali kwa kawaida ni folda ya Documents, na kwa kuwa data zetu za utafiti ni nadra kukaa hapo, R hudai kwamba faili haipo ilhali mwenyewe anaiona kwa macho yake.

Wengi hufundishwa kuandika setwd(), amri ya kubadilisha folda ya kazi, katika mstari wa kwanza wa skripti, yaani faili yenye amri za R, pamoja na njia nzima kuanzia C: hadi folda ya mwisho. Ninaupinga utaratibu huo waziwazi. Njia hiyo ni ya kompyuta moja na ya mtumiaji mmoja. Skripti ikifika kwa msimamizi wa tasnifu, hukwama kabla haijasoma hata namba moja. Isitoshe, anayenakili njia kutoka Windows huinakili pamoja na mikwaju inayoegemea nyuma, ambayo R huichukulia kuwa mwanzo wa herufi maalumu, hivyo hulazimika kuigeuza yote ielekee mbele au kuiandika kila mmoja mara mbili.

Mahali pa kupangia folda ya kawaida ni kwenye mipangilio ya programu. Anayetumia RStudio, programu ya kuandikia na kuendeshea R, afungue menyu ya Tools, achague Global Options, kisha katika sehemu ya General aelekeze folda anayoitaka. Mpangilio huo hufuatwa pale tu ambapo hakuna mradi wa RStudio (nitaueleza hapa chini) uliofunguliwa. Tena, RStudio ikianzishwa kwa kubofya faili ya skripti, folda ya kazi huwa ile yenye faili hiyo, na hapo ndipo wengi hudhani kwamba mpangilio wao umefutika. Asiyetumia RStudio anaweza kuweka amri ya setwd() katika faili ya .Rprofile, ambayo R huisoma inapoanza, ila afahamu kwamba R ikiikuta faili hiyo katika folda ilimoanzia, haiisomi tena ile ya folda ya nyumbani.

Kwa kazi ya muda mrefu, hata hivyo, nawasihi muunde mradi wa RStudio. Faili ya .Rproj huifanya folda iliyomo kuwa folda ya kazi kila mradi unapofunguliwa, hata folda hiyo ikihamishiwa kompyuta nyingine, na skripti huhitaji kutaja "data/mavuno.csv" tu. Tatizo linalobaki ni la R Markdown, mfumo wa kuandika waraka wenye maandishi na amri za R pamoja, kwa sababu waraka wake, usipopangiwa vingine, huhesabu njia kuanzia folda ulimo wenyewe. Kwa hilo tumieni kifurushi (nyongeza ya R) cha here, kilichoandikwa na Kirill Müller: here("data", "mavuno.csv") huanzia kwenye folda kuu ya mradi, hata waraka ukiwa ndani ya folda ndogo.