Kupanga karakana ya usonara nyumbani

Ndugu zangu, karibuni. Anayeanza kutengeneza pete na hereni za fedha nyumbani mara nyingi hununua vifaa kwanza, halafu ndipo atafute pa kuviweka. Leo tuanze na chumba. Cha mita tatu kwa tatu kinatosha, mradi moto, tindikali na vifaa vya chuma kila kimoja kiwe na upande wake.

Meza ya kukatia iwe ya juu: ukikaa, uso wake ukufikie kifuani, sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni. Kwenye ukingo bana ubao mgumu wenye mkato wa V, huo ndio unaoegemeza kazi ya msumeno na tupa. Chini yake tundika ngozi au weka trei ya kudakia vumbi la fedha, maana vumbi hilo linauzwa. Kabla ya kukata shaba hapo, fagia kwanza. Risasi na lehemu ya bati visifike kabisa mezani hapo: chembe moja ikibaki kwenye fedha, ukiipasha moto inatoboa vishimo visivyotengenezeka.

Kona ya moto ndiyo inayotaka uangalifu zaidi. Chagua ukuta wa saruji usio na pazia, tandaza vigae, juu yake weka tofali la kuhimili moto. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, kwa hiyo mtungi usikae kabatini. Paka povu la sabuni kwenye maungio kila unapobadili mtungi. Likitoa mapovu, funga. Pangaboi lizimwe, kwa kuwa linayumbisha mwali na kupoza kazi. Weka feni dirishani ivute moshi kwenda nje, mbali na pua yako. Na jua lisipige hapo, kwani wekundu hafifu wa fedha iliyopata moto hauonekani kwenye mwanga mkali.

Wekundu huo una maana kubwa. Fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha halisi katika kila 1000, huyeyuka kabisa karibu nyuzi 890 za Selsiasi, na lehemu ngumu, ile ya fedha wala si ya bati, hutiririka nyuzi 100 hivi chini ya hapo. Nafasi ya kukosea ni ndogo. Itazameni boraksi, dawa inayopakwa kwenye kiungo ili lehemu ishike: kwanza inavimba nyeupe, kisha inalala, halafu inang'aa kama kioo. Ikifika hapo, lehemu iko karibu. Zungusha mwali kwenye pete nzima, usiulenge kwenye lehemu. Lehemu hukimbilia penye joto zaidi, na ikipata moto peke yake hujikunja kuwa kidonge na kukaa hapo hapo. Ikitiririka, utaona mstari wa fedha ukipita kwenye kiungo. Ondoa moto papo hapo. Kiungo chenye mwanya hakijazwi na lehemu, kirudishe kwenye tupa.

Kutoka motoni, pete ipoe kwenye maji kwanza, ndipo iingie kwenye tindikali ya kuondoa weusi wa moto: vijiko vikubwa vitatu vya tindikali ya sitriki kwa nusu lita ya maji ya moto, ndani ya chombo cha kioo au kauri. Sufuria ya alumini haifai. Koleo liwe la shaba au plastiki. La chuma likizama humo, fedha yote inatoka na utando wa rangi ya shaba. Weka kona hii mbali na tupa na koleo zako, kwa sababu mvuke wake unazitia kutu.

Vito vifungwe mwisho, lehemu zote zikiisha. Tanzanaiti hupasuka kwa joto la ghafla, na mashine ya kusafishia kwa mitetemo nayo inaweza kuipasua.

Kwa walio Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ya chumvi haisubiri: futa vifaa vya chuma kwa mafuta ya cherehani kila jioni. Fedha iliyokamilika iwekwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, bila mpira wa kufungia, kwa kuwa mpira una salfa, na salfa ndiyo inayoitia weusi.