Baharini usingizi ndo mkubwa wa chombo

Wazee shikamooni, vijana mambo vipi. Nashukuru mmekuja, maana na huu upepo wa Shangani hapa Mtwara jioni hii najua wengine mngependa kukaa nje tu. Nimeombwa niongelee zile familia zinazotia nanga Mikindani, baba mama na watoto ndani ya boti ya matanga, watu wananiuliza sana wanaishije kule katikati ya bahari. Mi nimesafiri nao kama baharia, kutoka Mahé kule Shelisheli mpaka hapa, kwa hiyo naongea nilichokiona.

Kutoka Mahé mpaka Mtwara ni karibu maili 1,000 za baharini. Boti ya futi 40 hivi inatembea maili tano sita kwa saa, yaani maili 120 mpaka 140 kwa siku, piga hesabu, ni wiki na kidogo. Na hiyo ni fupi jamani, wanaovuka bahari ya Pasifiki kutoka visiwa vya Galápagos kwenda visiwa vya Marquesas ni maili kama 3,000, wiki tatu nzima hawaoni nchi kavu.

Sasa watu wote wanaulizia dhoruba. Ukiondoka mwezi wa saba upepo wa kusi unapiga ubavuni, mkondo unakusukuma magharibi, chombo kinakwenda chenyewe. Tabu ni usingizi. Nahodha wa hapa akienda Kilwa usiku ukimkuta anatafuta kisiwa anatia nanga, kule kina ni mita elfu nne na zaidi, nanga utaitia wapi? Alafu jahazi la mizigo lina watu, mmoja akichoka mwingine anashika usukani, ila hawa ni baba na mama, wawili, labda na baharia mmoja kama mimi, watoto huwahesabu. Usukani unashikwa na otopailoti, ule mtambo unaoongoza chombo wenyewe, sawa, lakini sheria ya bahari inasema lazima awepo mtu anayeangalia muda wote, na sio sheria ya bure, meli kubwa inayokimbia maili 20 kwa saa ukiiona kwa mbali kabisa sasa hivi, dakika kama ishirini imeshakufikia. Ndo maana mwenye zamu anakuwa na kale kasaa ka jikoni, kanalia kila dakika 15, anainuka, anazungusha macho pande zote, anarudi kukaa. Usiku mzima hivohivo.

Zamu ni saa tatu tatu. Na sharti kubwa, usiku hutoki nje bila mkanda uliofungwa kwenye chombo, na wanaume hakuna kwenda pembeni kukojolea baharini (kicheko), mnacheka lakini ndo hivo watu wanavyopotea, wenzio wamelala, nani atakusikia?

Kwa hiyo mchana wote unapangwa kwa kuangalia nani kalala. Watoto wanasoma asubuhi kwa sababu mama akishakula mchana anaenda kulala, na akilala ni kunong'ona, penseli zimefungwa kamba zisibiringike, maana chombo kimelalia kulia safari nzima, hata kitanda kina kitambaa cha kukuzuia usidondoke. Siku mbili tatu za mwanzo hamna masomo wala nini, watu wanatapika tu, baadae mwili unazoea.

Jikoni sasa. Jiko linabembea kufuata mawimbi ili sufuria ibaki wima, na wanapenda presha kuka hata kwa maharage ya kupasha, kifuniko kinajifunga, ikidondoka haimwagiki. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya chumvi, yasiyo na chumvi ni ya kusuuzia tu. Mayai wanayapaka vaselini na kuyageuzageuza yasiharibike, kabichi na vitunguu vinadumu, ila ndizi zina visa, mkungu mzima unaiva siku moja, basi mnakula ndizi asubuhi mchana jioni mpaka mtoto analia. Asubuhi samaki panzi, wale wanaoruka, wamejirukia wenyewe juu ya sitaha, na kamba ya nyuma ikikubali mnapata samaki fulusi.

Mi nikaona wanakuwa macho zaidi tulipokaribia hapa kwetu, sio kule mbali. Meli zinaonekana kwenye AIS, ina maana zinajitangaza zenyewe kwa redio, lakini mtumbwi wa Msimbati unajitangaza na nini? Tochi ya simu, akikusikia. Usiku wa mwisho baba na mama hawakulala wote wawili, wamekaa omo, mbele ya chombo, wanatafuta wavuvi.

Kijana hapo ameuliza kazi hii ya ubaharia inapatikanaje. Wengi wanafikiri utaulizwa kama unajua kufunga tanga. Mi niliulizwa kama naweza kukaa macho peke yangu kuanzia saa tisa usiku mpaka kunakucha. Na paspoti, ndio, paspoti unatafuta mwenyewe. Haya, yule dada kule nyuma.