Waya Unachaji, Mbona Kompyuta Haisomi?

Ndugu zangu, nianze na hoja ninayoisikia kila mara kutoka kwa wenye Kindle na Kobo, vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki: "Waya ni mzima bwana, si unaona unachaji?" Kuchaji hakuthibitishi kitu. Ndani ya waya wa USB 2.0 mna nyaya nne: mbili za umeme wa volti 5, mbili za kupitisha data. Za umeme zikiwa nzima, Kindle itachaji usiku kucha hata kama zile nyingine zimekatika, au kiwandani hazikuwekwa kabisa. Waya za namna hiyo huja na tochi na spika ndogo, na kwa sura huwezi kuzitofautisha na waya kamili. Basi usiukague kwa macho. Uchomeke kwenye kifaa kingine unachojua kinasomwa, ujaribu kunakili faili moja.

Wenye Kobo, tazameni kioo kwanza. Inasubiri uguse kitufe cha kukubali kuunganishwa; usipokigusa, inachaji tu.

Kinachosumbua zaidi ni kusomwa kisha kupotea. Hapo uliza: inapotea wakati gani? Ikipotea unapokigusa kifaa, shida iko kwenye mshikano. Wengi hukimbilia kulaumu tundu la kifaa na kumtafuta fundi. Subirini. Micro-USB ilibuniwa makusudi vibano vyake vikae upande wa waya, ili kinachowahi kuchakaa kiwe kile cha bei nafuu. Badilisha waya kwanza, na uondoe vumbi tunduni taratibu kwa kijiti cha mbao, kifaa kikiwa kimezimwa.

Ikipotea katikati ya kunakili vitabu vingi, hamia tundu jingine. Kwenye kompyuta ya mezani, matundu ya mbele huunganishwa na ubao mkuu kwa waya mwingine wa ndani. Ya nyuma yako kwenye ubao wenyewe. Kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake kiondoe kabisa, maana hapo kipanya, flashi na Kindle vinagawana umeme wa tundu moja. Na ikipotea baada ya kukaa kimya, Windows huenda imelilaza tundu ili kuokoa betri. Mpangilio huo unazimika, umo kwenye mipangilio ya umeme.

Lakini si kila mara waya. Agosti 2016, sasisho la Windows 10 lilifanya kompyuta zikwame ghafla pale tu Kindle Paperwhite au Voyage ilipochomekwa. Ungenunua waya kumi, usingepona. Tiba ilitoka Microsoft kwa sasisho jingine. Na Paperwhite ya 2024 haijitokezi tena kama flashi, inatumia utaratibu mwingine wa kuhamisha faili, uitwao MTP. Mac haina MTP ndani yake, kwa hiyo mtu anachomeka, haoni kitu, anadhani kifaa kimekufa. Kinachotakiwa ni programu ya kuusoma utaratibu huo. Calibre, programu ya kupanga vitabu vya kielektroniki, inaweza, ila funga kwanza programu nyingine yoyote iliyokishika kifaa. Zikiwa mbili zinakigombania.

La mwisho ni kuchomoa. Ukiona mstari wa kunakili umefika mwisho, usidhani data yote imeandikwa. Nyingine bado imo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kobo huweka orodha ya vitabu na mahali ulipoishia kwenye hifadhidata moja, na ukiikatiza inapoandikwa inaweza kuharibika. Kwa hiyo kitoe kifaa kwanza kwa amri ya kompyuta (Eject), ndipo uvute waya. Haya, maswali. Aliyekuja na waya wake, aulete hapa mbele tuupime.