Baraza la Mtaa Mmoja: Habari ya Kijiji cha St Kilda

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Kaka Baraka wiki nzima ananisimulia kijiji kimoja cha Uskoti, na jana usiku nimeshindwa kulala kwa ajili yake. Haya, anza, kaka.

BARAKA: Asante, dada Zuhura. Kiko Hirta, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya St Kilda, katika bahari ya Atlantiki, kilomita 64 hivi magharibi ya North Uist. Kijiji chenyewe ni mtaa mmoja tu, nyumba zimepangana zikiitazama ghuba. Mti hakuna hata mmoja. Watu walisema Kigaeli, lugha ya kale ya Uskoti.

ZUHURA: Na kila asubuhi palikuwa na baraza.

BARAKA: Kila siku isipokuwa Jumapili. Wanaume wote wanakutana pale mtaani. Mwenyekiti hakuna. Swali ni lile lile: leo tunafanya nini? Twende kwenye ndege, tutengeneze mashua, au tushughulikie kondoo? Kuna siku walibishana mpaka jua likazama, kazi haikufanyika. Wageni wakaliita Bunge.

ZUHURA: Mimi ningeliita baraza tu, kama la pwani yetu, ila hawa hawana kahawa wala kivuli, na upepo wa Atlantiki unawapiga usoni. Sasa hapo kwenye ndege nisimamishe. Nilidhani watu wa kisiwani lazima wawe wavuvi.

BARAKA: Bahari ile ni kali mno. Chakula chao kikubwa kilikuwa ndege wa baharini wanaotaga kwenye magenge. Mwanamume anafungwa kamba, anateremka pekupeku, wenzake wanaishikilia juu. Nyama wanaikausha kwa upepo katika vibanda vya mawe. Hirta pekee ina vibanda zaidi ya 1,200, na vingi bado vimesimama. Mafuta ya ndege ni ya taa. Manyoya yanamlipa mwenye ardhi, MacLeod wa Dunvegan, kodi yake.

ZUHURA: Na windo halikuwa la aliyelipata.

BARAKA: Hapana! Linakusanywa, linagawanywa nyumba kwa nyumba. Mjane ana fungu lake. Mzee asiyeweza tena kushika kamba ana fungu lake.

ZUHURA: Hicho ndicho kilichoninyima usingizi. Mgao kama huo unataka mikono. Vijana wakiondoka, nani atashika kamba?

BARAKA: Na waliondoka. Mwaka 1852 watu 36 walisafiri kwenda Australia, wengi wao wakafia njiani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza vijana wakazidi kuhama. Mwaka 1920 walibaki watu 73. Mwaka 1930, watu 36.

ZUHURA: Idadi ile ile ya waliopanda meli zamani.

BARAKA: Ile ile. Mwaka huo wa 1930 mwanamke kijana akafariki hospitalini Glasgow. Muuguzi wa kisiwa, Williamina Barclay, akakaa na watu, nyumba hata nyumba, wakazungumza. Mei wakaiandikia serikali barua: tuhamisheni, kipupwe kingine hatukiwezi. Sahihi 20.

ZUHURA: Watu 20 kati ya 36, na katika hao 36 wamo watoto. Ni kijiji kizima hicho. Mimi siwaiti walioshindwa. Walikaa wakaamua pamoja, kama walivyoamua kila asubuhi.

BARAKA: Nakubaliana nawe kabisa. Tarehe 29 Agosti 1930 meli ya kivita Harebell ikawachukua. Kondoo walikuwa wametangulia kusafirishwa ili wauzwe. Mbwa... mbwa waliwafunga mawe, wakawatosa baharini.

ZUHURA: Hapo ndipo nilipozima simu jana.

BARAKA: Katika kila nyumba waliacha Biblia imefunguliwa, na nafaka ya oti kidogo pembeni yake.

ZUHURA: Wakapelekwa wapi?

BARAKA: Wengi Lochaline, upande wa bara. Serikali ikawapa wanaume kazi.

ZUHURA: Kazi gani?

BARAKA: Ya misitu, dada. Wamezaliwa pasipo na mti, wakaajiriwa kutunza miti.